Kahawa tungu ya Lamu: kuijua buni, kuikaanga na kuipika

Muulize mtu yeyote aliyekaa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kahawa tungu, yaani kahawa chungu isiyotiwa sukari, inapata wapi ladha yake. Atakujibu bila kusita: tangawizi. Hapo mimi hubishana. Tangawizi inaweza kuficha ubovu wa buni mbaya na inaweza kuizima buni nzuri, lakini haileti ladha ambayo haikuwamo. Ladha hutoka shambani, ikapita kwenye kikaango, ikamalizikia kwenye sufuria. Mtu akishajua buni yake imetoka wapi, atajua aikaange kwa kiasi gani, aichemshe kwa muda gani, na tangawizi aitie kidogo au nyingi.

Vifaa havina makuu: kikaango kizito cha chuma au chungu cha udongo, mwiko mrefu, ungo, kinu na mchi, chekeche, sufuria, kitambaa cha kuchujia, jiko la makaa na dele la shaba, yaani birika la kahawa. Asiye na dele atumie chupa ya chai, hakuna atakayemshitaki.

Kwanza, ijue buni ilikotoka

Mkahawa wa arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ila waliougeuza kuwa zao la biashara ni Wayemeni, waliopanda mikahawa kwenye matuta ya milimani. Kufikia karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa ili wasisinzie kwenye dhikri za usiku. Makka kwenyewe ilizuka fitina: mwaka 1511 gavana Khair Beg aliipiga marufuku, na marufuku yenyewe haikudumu. Mtu wa Lamu aliyewahi kukesha kwenye maulidi haoni ajabu yoyote hapo.

Bandari iliyoipeleka kahawa hiyo duniani ni Al-Makha, kwenye Bahari ya Shamu, na ndipo lilipotoka jina Mocha linaloandikwa kwenye pakiti hadi leo. Watu wa upande ule walikuwa wakifika Lamu kila msimu. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na tende, chumvi na mazulia. Kusi ikigeuka, yalirudi na boriti za mikoko. Wahadhrami, watu wa Hadhramaut ya Yemen, waliohamia Lamu hawakuacha desturi zao ufukweni. Yemen wana kinywaji kiitwacho qishri: maganda makavu ya tunda la kahawa yakichemshwa na tangawizi. Kwa hiyo ndoa ya kahawa na tangawizi si uzushi wa baraza la Lamu, ina ukoo upande wa pili wa bahari.

Kahawa ya bara ya Kenya ni ndugu wa buni hiyohiyo, ila ilizunguka njia ndefu. Wafaransa waliichukua mbegu Yemen mwanzoni mwa karne ya 18 wakaipanda kisiwa cha Bourbon, siku hizi Réunion. Kutoka huko mapadri Wafaransa waliileta Bagamoyo, na mwaka 1893 wakaipanda Bura, Taita, kabla ya kuipandisha hadi Nairobi na Kiambu. Kumbe kahawa inayojulikana leo kama ya milimani iliingia nchini kwa kupitia Pwani. Miaka ya 1930 maabara ya Scott huko Nairobi ilichagua miti bora na kuipa majina ya herufi na namba. SL28 na SL34 ndizo zilizoipa kahawa ya Kenya sifa yake. Baadaye zikaja Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, kwa ajili ya kupambana na magonjwa.

Robusta ni mti mwingine kabisa. Asili yake ni misitu ya Afrika ya magharibi na kati, na Uganda ni mojawapo ya makao yake. Bukoba, kusini ya mpaka, Wahaya wamekuwa wakiitafuna buni yake tangu enzi za mababu: huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni hupewa mkononi kama heshima. Robusta ina kafeini takribani mara mbili ya arabika, asilimia 2.2 hivi ya uzito wake kwa 1.2, na uchungu wake ni mzito zaidi.

Kuna anayeuliza kwa nini tusipande yetu. Arabika inataka mwinuko wa mita 1,400 hadi 2,000 na baridi ya usiku. Lamu iko usawa wa bahari. Mikahawa pori lakini ipo katika misitu ya Pwani, na aina moja, Coffea pseudozanguebariae, mbegu zake hazina kafeini. Kahawa isiyomnyima mtu usingizi! Sidhani wazee wa baraza wangeikubali.

Kila buni na ladha yake

Buni ya Yemen ni ndogo, ya mviringo, na punje zake hazilingani. Ukiitia kwenye kiganja utadhani umeuziwa machenga. Usiirudishe dukani, ndivyo ilivyo. Maji ni adimu kule, kwa hiyo tunda halioshwi. Huanikwa zima juu ya paa la nyumba mpaka likauke, ndipo ganda liondolewe. Utamu wa tunda huachwa uingie taratibu ndani ya mbegu. Ukiipika utapata ladha ya zabibu na tende, uzito wa chokoleti, na ukali kidogo wa viungo hata kabla hujatia kiungo chochote. Harar ya Ethiopia, ambayo nayo hukaushwa na ganda lake, ni jirani yake wa karibu kwa ladha, ila ladha yake ya matunda ni mbichi zaidi na hujitokeza kwa haraka ulimini.

Arabika ya Kenya iliyooshwa ni mambo mengine. Hapa tunda humenywa siku ileile ya kuchumwa, mbegu ikavundikwa na kuoshwa ndipo ianikwe. Kinachobaki ni ladha safi yenye uchachu mkali wa zabibu mbichi au ndimu. Wanunuzi wa Ulaya na Japani huilipia vizuri sana kwa uchachu huohuo. Kwa kahawa tungu mimi siitaki peke yake. Uchachu na tangawizi hupigana kooni, na mnywaji hubaki na kiungulia.

Halafu kuna kahawa ambayo wakulima wa bara huiita mbuni: matunda yaliyochelewa mtini au yaliyoanguka, yakakaushwa na ganda bila kuoshwa. Sokoni huhesabiwa daraja la chini na bei yake ni ya chini. Ni kweli nyingi ni mbovu, imechanganyika na punje nyeusi na zilizotobolewa. Lakini ukipata mbuni iliyokauka vizuri na ukakaa chini kuichagua, ina uzito na utamu unaokaribia ule wa Yemen kuliko AA yoyote ile. Huu ni upande wangu katika ubishi, na kila anayekunywa kahawa ana wake.

Na kwa kuwa nimetaja AA: herufi hizo ni za ukubwa wa punje kwanza. AA hubaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 7 na kidogo, AB ni ndogo yake, na PB ni zile punje za duara ambazo tunda lilitoa mbegu moja badala ya mbili. Usilipie ukubwa ukidhani umelipia utamu.

Robusta tumia kama chumvi. Sehemu moja ya robusta kwa tatu za arabika huipa kahawa tungu nguvu na povu, na huisaidia isizimike ikikaa kwenye makaa. Ukizidisha, kinywa hubaki na ladha ya mpira ulioungua.

Kwa anayeanza, nashauri mchanganyiko huu: gramu 190 za mbuni nzuri au Harar, na gramu 60 za robusta ya Uganda. Buni ya Yemen ukiipata, ipike peke yake. Na jihadhari na jina Mocha: mara nyingi hubandikwa kwenye kahawa ambayo haijawahi kuiona Yemen, au kwenye kinywaji cha kahawa na chokoleti.

Kuichagua kwa jicho na pua

Nunua buni mbichi, si iliyosagwa. Iliyosagwa imeshapoteza nusu ya harufu kabla haijavuka maji kutoka Mokowe, na hujui kilichosagwa pamoja nayo.

Imwage kwenye ungo mahali penye mwanga. Iliyooshwa iwe ya kijani chenye ubuluu. Iliyokaushwa na ganda huwa na umanjano, hilo si kosa. Toa punje nyeusi, zenye matundu ya wadudu, zilizovunjika, na nyeupe zilizopauka. Punje moja iliyooza huweza kuharibu sufuria nzima, kwa hiyo usione uvivu. Kisha chukua konzi moja, ipulizie pumzi ya moto, unuse. Harufu ya nyasi kavu au ya nafaka ni nzuri. Ya ukungu, gunia, mafuta ya taa au samaki, iache hapohapo dukani.

Hewa ya Lamu ndiyo adui. Buni mbichi inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na kwenye unyevu wetu hufyonza zaidi, ikapauka na kuota ukungu. Nunua ya mwezi mmoja, uiweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, na mbali na ng'onda, wale samaki wakavu.

Kukaanga

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiwe na haraka wala simu mkononi. Fanya uani au darini, moshi ni mwingi. Washa makaa mpaka yashike jivu jeupe juu. Kikaango kipate moto kwanza, ndipo utie gramu 250, zisizidi, ili punje zilale tabaka moja au mbili.

Koroga bila kusimama, ukifika mpaka chini. Dakika nne za mwanzo hutaona kikubwa. Ukijani utatoka, buni itakuwa ya manjano, na harufu itakuwa ya majani yaliyoanikwa. Kisha harufu itageuka iwe ya mkate, rangi ikaingia hudhurungi, na makapi membamba yataanza kuruka na kunata kwenye mwiko. Ukiona punje zingine zimekuwa nyeusi na zingine bado za manjano, moto ni mkali mno. Inua kikaango, koroga ukiwa umekishika hewani, kisha kirudishe.

Baina ya dakika ya nane na ya kumi punje zitaanza kualika. Mlio huu wa kwanza ni mkavu na mzito, moja hapa, moja pale, halafu nyingi kwa pamoja. Mvuke ndani ya punje umeshinda ukuta wake, na punje imevimba. Punguza moto kidogo. Mlio ukishatulia, utakuwa na dakika mbili tatu za kimya, na ndani ya kimya hicho ndimo unapoamua ladha.

Buni ya Yemen au Harar itoe mwanzoni mwa kimya, ikiwa hudhurungi ya wastani na bado kavu. Ukiipitisha hapo umeteketeza zile zabibu na tende ulizozilipia. Mbuni ya Kenya ipeleke mpaka mwisho wa kimya, uchachu ukishazimika. Robusta isubiri mlio wa pili uanze tu, ambao ni mwembamba na wa harakaharaka, kama ukoko wa wali unavyolia chini ya sufuria. Kwa sababu hiyo ni afadhali kukaanga kila buni peke yake, uchanganye baadaye. Wapo wanaokaanga zote pamoja kwa kuokoa makaa. Nusu yake huwa haijaiva na nusu imeungua, na ndipo tangawizi inapoitwa kufunika aibu.

Punje zikianza kung'aa mafuta umefika ukingoni. Moshi ukigeuka wa buluu umeshavuka.

Imwage kwenye ungo papo hapo, maana ndani ya punje moto unaendelea kupika. Irushe na kuipepeta, makapi yapeperuke. Iwe baridi ya kushikika ndani ya dakika nne au tano. Ukiipima sasa utapata gramu 205 hadi 210; zilizopotea ni maji na moshi. Iache ilale usiku kucha kwenye chombo kisichokazwa sana, kwa sababu buni iliyotoka motoni imejaa gesi, na ukiipika siku hiyohiyo itafurika na kuacha ladha ya moshi. Siku ya pili hadi ya saba ndizo siku zake. Baada ya wiki mbili, kwa hewa yetu, imeshachoka.

Kutwanga

Kinu kiwe cha kahawa tu. Kinu kilichotwanga vitunguu saumu wiki iliyopita hakisafishiki kwa hilo. Twanga kidogokidogo, kiasi cha sufuria moja, kwani kahawa ikishavunjwa harufu huikimbia kwa dakika. Isiwe unga kama wa ngano. Iwe ya chengachenga ndogo, saizi ya sukari. Pitisha kwenye chekeche, zilizobaki juu zirudi kinuni. Mashine ya mkono hufanya kazi hiyo vizuri na kwa usawa zaidi, ingawa haitoi ule mdundo unaowaita majirani.

Maji

Watu hupita hapa bila kutazama. Maji ya visima vya mjini Lamu yana magadi na chumvi. Yale ya Shela, yanayochujwa na mchanga wa fungu, ni bora. Magadi huzima uchachu wote, na kahawa ikawa bapa. Kama una maji ya mvua, yatumie, au changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Maji ya birika la nyumba, lile tangi la kuwekea maji, yachujwe kwanza. Mnajua wenyewe visamaki vinavyoishi humo vikila viluwiluwi vya mbu.

Kupika

Kwa lita moja ya maji tumia gramu 60 za kahawa iliyotwangwa, karibu vijiko kumi vya mezani. Utapata vikombe kumi na tano hivi, vile vidogo visivyo na mkono.

Mara ya kwanza unapopika buni mpya, usitie kiungo hata kimoja. Chemsha kikombe kimoja, onja. Utajua una nini mkononi. Ikiwa ni nzito na tamu, tangawizi itakuwa ndogo. Ikiwa ni nyepesi, itaongezwa.

Maji yakichemka, tia tangawizi iliyopondwa: gramu 10 kwa buni ya Yemen, 15 hadi 20 kwa mchanganyiko wenye robusta. Tangawizi kavu ni kali zaidi, nusu ya kiasi hicho inatosha. Iache ichemke dakika tano. Punguza moto, tia kahawa, koroga mara moja. Itapanda. Ikikaribia ukingo, ipua, iache ishuke, irudishe. Fanya hivyo mara tatu. Kisha iache kwenye makaa yaliyofifia, bila kutokota, dakika kumi kwa mbuni na robusta, tano tu kwa Yemen. Kuchemsha nusu saa, kama wanavyofanya baadhi ya wauzaji, hutoa uchungu wa gome la mti, na huo si uchungu tunaoutafuta.

Iliki iingie mwisho, punje nne au tano zilizopasuliwa, kwa sababu harufu yake haivumilii moto. Mdalasini kijiti kimoja si vibaya. Karafuu mimi siweki. Moja ikizidi, hutakunywa kahawa tena bali dawa ya meno.

Ipua, funika, subiri dakika tano machicha yatue. Chuja kwa kitambaa moja kwa moja ndani ya dele lililosuuzwa kwa maji ya moto. Dele lenyewe hakikisha limepakwa kalai ndani, maana kahawa ina asidi na shaba tupu huichafua. Liweke juu ya makaa machache, lipate joto tu. Likichemka tena umeharibu.

Kuinywa, na yanayofuata

Sukari haiingii kikombeni. Utamu hukaa pembeni: halua, kashata au tende, na buni ya Yemen na tende ni jamaa moja, zijaribu pamoja. Mimina nusu kikombe, mgeni akimaliza mwongeze, kwa sababu kikombe kilichojaa hupoa kabla ya kunyweka na humchoma vidole anayekishika. Mkubwa wa baraza aanze. Baada ya tarawehe dele moja halitoshi, pika mawili.

Ukionja na kahawa ni chungu ya kuungua, kosa liko kwenye kikaango, tangawizi haitaliponya. Ikiwa chungu na kavu ulimini, umechemsha mno. Ikiwa chachu na nyepesi, buni haikuiva au kahawa ni kidogo kwa maji yale. Ikiwa bapa, haina hili wala lile, tazama maji, kisha tarehe ya kukaanga.

Iliyobaki usiilaze ndani ya dele. Imwage kwenye chupa, kesho inywewe baridi au imwagwe. Machicha hufaa kwenye vyungu vya maua, kidogokidogo, yakichanganywa na udongo. Dele lioshwe ndani kwa maji ya moto bila sabuni, nje lisuguliwe kwa ndimu na jivu, halafu ligeuzwe mdomo chini mpaka likauke kabisa.